Zabibu za Kila Wiki Mbili

Nilijua mapenzi yangu yamepata ajali nilipomwona Elkanah ananusa juisi.

Aliinua glasi ya mkahawa, ile nene ya kunywea chai ya maziwa, akaizungusha mara tatu, akaingiza pua ndani kama mtu anayetafuta gesi inavujia wapi. Kisha akafumba macho. Ilikuwa juisi ya zabibu isiyo na kileo, ya chupa yenye karatasi ya dhahabu shingoni, ile inayopangwa dukani kando ya maziwa ya unga. Aliinunua mwenyewe njiani. Alikuja pia na kitambaa cheupe, akakilaza mkononi kama mhudumu wa hoteli kubwa.

"Nahisi mwaloni," akasema taratibu. "Na matunda mekundu. Na udongo uliolowa."

Jackton, mwenye mkahawa, mtu wa makamo kutoka Siaya mwenye mvi ndevuni, alikuwa anatuwekea sahani za ugali. Aliigeuza chupa akasoma nyuma.

"Ni tofaa na zabibu, bana," akasema. "Imeandikwa hapa. Udongo hawajaandika."

Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Siku hiyo sikuweza. Nilikuwa nimetoka Riyadh na familia ya madam wangu, karibu kilomita elfu moja ndani ya gari, nimebanwa na masanduku na mtoto mwenye kichefuchefu, kwa sababu dada yake madam alikuwa anaozesha binti Jeddah. Nilikuwa nimeomba saa nne tu za Ijumaa. Nilikuwa nimepiga pasi gauni langu la kijani mara mbili. Na nilikuwa nimekuja mtaa huu wa Sharafiya kumwona kwa mara ya kwanza, ana kwa ana, mwanamume ambaye sauti yake ilikuwa imeniamsha na kunifanyisha kazi kwa miezi kumi na moja.

Tulikutana kwenye kundi la maombi la Wakenya la WhatsApp. Yeye aliomba vizuri, mimi nikamwandikia kumwambia hivyo, naye akanijibu kwa sauti. Sauti hiyo! Nzito, isiyo na haraka, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Kule Al-Naseem, mtaa wetu wa Riyadh, madam na watoto hulala hadi adhuhuri, basi saa nne asubuhi dari ya nyumba, paa lake la bapa, ilikuwa yangu peke yangu. Nilipanda na beseni la nguo, nikaweka simu juu ya tangi la maji, nikaanika mashuka huku Elkanah akinisimulia habari za Shato Brisolet.

Aliniambia kwamba kabla ya kuja Jeddah aliishi Ufaransa miaka sita, kwenye shamba hilo la mizabibu la bosi wake, ambaye alimwita Mesie. Watawa ndio waliopanda mizabibu ya kwanza pale, miaka mia saba iliyopita, kwenye kilima cha mawe ambacho hata mbuzi walikikimbia. Baadaye familia ya Mesie ikalinunua shamba, baba akamwachia mwana, mwana akamwachia mwana. Kisha akaja mdudu mdogo kuliko chawa, akala mizizi ya mizabibu ya nchi nzima, na babu wa babu yake Mesie akalia mbele ya watumishi wake. Wakaokolewa na mizizi ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu huyo hakuiweza. Wakakata shina la Kifaransa, wakalipachika juu ya mguu wa kigeni, likashika.

"Kama sisi tu, Jerioth," aliniambia. "Tumepachikwa kwenye mguu wa kigeni. Tutashika."

Niliusikiliza ujumbe huo mara ishirini. Shuka la madam likapeperuka likaangukia nyumba ya jirani.

Aliniambia jinsi mvinyo unavyolala kwenye mapipa ya mwaloni miezi kumi na minane. Jinsi pipa linavyopumua, na kila linapopumua mvinyo unapungua kidogo, na mtu lazima apite kila wiki kulijaza, maana nafasi ya hewa ikibaki huingiza uchachu. Jinsi wanavyopiga ute wa mayai na kuutia ndani, unashuka polepole na kubeba vumbi lote hadi chini, mvinyo unabaki unang'aa. Jinsi vita vilipokuja walivyojenga ukuta wa uongo ndani ya ghala, chupa nzuri zikakaa nyuma yake, na watoto wakakusanya utando wa buibui kuubandika ukutani ili uonekane wa kale.

Nilimpenda kwa ajili ya buibui hao. Sioni aibu kusema.

Naye hakujua kwa nini habari hizo ziliniingia hivyo. Mimi nilikuwa na siri yangu, nimeitunza kama mtu anavyotunza zawadi, nikitaka kumpa uso kwa uso. Nilitaka kuona macho yake.

Sasa macho yenyewe yalikuwa yamefumbwa juu ya juisi.

Tena hakuja peke yake. Alikuja na dada yake mkubwa, Risper, ambaye watu humwita Mama Norman, msimamizi wa wafanya usafi kwenye jengo la maofisi hapo Jeddah. Wazazi wao wako Nyamira na hawawezi kuja, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama mahali pao kunikagua. Nami sikulikataa hilo. Kila ukoo una haki ya kumtazama anayeingia. Lakini Mama Norman alinitazama kama mtu anayechagua samaki na tayari amenusa.

"Kwa hivyo wewe ndiye Jerioth," akasema. "Nilidhani utakuwa mrefu."

"Nilidhani hivyo pia, Mama Norman. Haikutokea."

Jackton akakohoa kando ya jiko. Elkanah akanitupia jicho la kuniomba nitulie.

"Kwenu ni wapi hasa?"

"Naivasha. Karagita."

"Aa. Kule kwa maua." Akakata kipande cha ugali, akakizungusha kiganjani. "Na umefanya kazi ya ndani miaka mingapi?"

"Karibu miwili. Mkataba unaisha mwezi ujao."

"Nasikia madam wako anataka uongeze."

"Anataka jibu leo jioni. Ama natia sahihi miaka mingine miwili, ama ananikatia tiketi ya kurudi nyumbani."

Elkanah akafungua macho. Akaweka glasi chini, akausogeza mkono wake karibu na wangu, asiuguse. Vidole virefu, kucha safi. Nilivitazama, na mwili wangu, ambao hauna akili hata kidogo, ukapata joto.

"Hatatia sahihi," akamwambia dada yake. "Tumeshaongea. Tunafunga ndoa Desemba nyumbani, kisha mwaka mpya twende Brisolet. Mesie ameniwekea nafasi yangu kwenye ghala. Jerioth atapata kazi jikoni."

"Jikoni," nikasema.

"Jikoni kwa kuanzia, mpenzi."

"Huyu kaka yangu ana moyo mkubwa," Mama Norman akasema. "Angeweza kuchukua mwalimu. Angeweza kuchukua nesi. Ulisoma hadi wapi wewe? Ama ulitoka darasa la nane ukaanza umboch wa nyumba za watu?"

Nilifungua mdomo. Elkanah akaniwahi.

"Alimaliza fomu foo," akasema, kisha akanigeukia. "Nadhani. Si ndiyo?"

Nadhani. Miezi kumi na moja, maelfu ya dakika za sauti, nami niliyajua majina ya mbwa wawili wa Mesie na mwaka ambao mvua ya mawe iliharibu mavuno yote. Yeye alikuwa anadhani. Nikaanza kuhesabu kichwani ni mara ngapi alishawahi kuniuliza swali lenye jibu refu kuliko "ndiyo". Nilipata moja: aliniuliza kama nampenda.

"Mweleze mlivyokuwa mkichuma," Mama Norman akamhimiza, akinichungulia kama anayenionea huruma. "Ajue anaolewa kwenye kazi gani. Asidhani ni kupiga deki."

Elkanah akajinyoosha kitini. Akaipata ile sauti yake nzito.

"Kuchuma ni sanaa," akaanza. "Unaamka alfajiri, umande ungali kwenye majani. Kikapu mgongoni. Mnapita safu kwa safu, mnachuma zile changa changa za juu, laini. Mkimaliza shamba upande huu, mnahamia ule. Mkirudi huku baada ya wiki mbili, tayari zimetoka zingine. Wiki mbili, unachuma. Wiki mbili, unachuma. Mwaka mzima."

"Ukichelewa zinakomaa," Mama Norman akaongeza kwa uhakika kabisa, mdomo umejaa mboga. "Zinakuwa ngumu. Kiwandani wanazikataa."

"Wanazikataa," Elkanah akakubali.

Nikaweka tonge langu chini.

Walikuwa wanaongelea majani ya chai. Watoto wawili wa Nyamira, waliolelewa ndani ya chai hadi magotini, walikuwa wamekaa Sharafiya wakinieleza mzabibu kwa kunisimulia shamba la mama yao. Wala hawakuona kosa. Walitikisiana vichwa kama wazee wa kanisa.

Sijui kama mtu anaweza kuusikia moyo wake ukipoa. Mimi niliusikia. Kwanza niliona huruma, nikaitafutia mahali pa kukaa, nikakosa. Nafasi yote ilikuwa imejaa dharau.

"Elkanah," nikasema kwa upole. "Na baridi ikija? Ile ya Ulaya, ya Januari. Mnafanya nini shambani?"

"Baridi?" Akacheka. "Unavaa koti zito, mpenzi. Unaendelea kuchuma."

"Theluji ikiwa juu?"

"Unaikung'uta. Kazi ni kazi."

Jackton alikuwa ameacha kujifanya anafuta meza.

"Sasa nikupe zawadi niliyokuwekea," nikasema. Nikaunyoosha mkono wangu wa kushoto juu ya meza, nikawaonyesha kovu jeupe linalozunguka dole gumba. "Unaona hili? Nilijikata na mkasi wa kupogolea mizabibu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nina diploma ya kilimo cha bustani, Mama Norman. Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye shamba la zabibu za mvinyo, upande wa pili wa ziwa, kabla halijabadilisha wenyewe na sisi tukaambiwa twende nyumbani. Nimepogoa mizabibu mingi kuliko vichwa vilivyo katika barabara hii nzima."

Nikaendelea, maana sasa ulimi ulikuwa umepata barabara.

"Ufaransa zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Mara moja! Septemba, pengine hadi Oktoba, wanakimbizana na mvua. Januari mzabibu umelala, hauna hata jani moja, ni kijiti cheusi kimesimama kwenye baridi, na mtu anapita na mkasi akiukata ili uzae vizuri ukiamka. Kwetu Naivasha hakuna baridi ya kuulaza. Sisi ndio tunaulaza, kwa mkasi na kwa kuufungia maji, halafu unangoja miezi minne, hata mitano, ndipo uvune. Kila wiki mbili? Elkanah, hiyo ni chai. Umechuma chai Ufaransa."

Rangi ilimtoka usoni. Akamtazama dada yake, dada yake akatazama sahani.

"Hujawahi kufika," nikasema.

Elkanah akakikunja kitambaa chake cheupe mara mbili.

"Niambie mwenyewe. Sitaki kulitoa neno mdomoni mwako kwa mkasi."

"Mimi ni dereva wa Mesie," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa nyingine, nyembamba, ya mtu wa kawaida. "Nilitoka Nyamira nikaja Jeddah moja kwa moja, kwa kafili, mdhamini anayekodisha madereva. Mesie ni mhandisi hapa. Nampeleka kazini, nawachukua wageni wake uwanja wa ndege. Na kila mgeni anayepanda, Mesie anamsimulia. Kwa Kiingereza. Watawa, mdudu, ukuta wa uongo, mayai. Miaka mitatu nimesikia. Nikayashika yote, Jerioth. Neno kwa neno."

"Na shambani kwenyewe?"

"Ya shambani haongei. Yeye anapenda ghala."

"Na ile nafasi yako?"

"Shamba liliuzwa. Kaka yake aliliuza kabla sijaanza kazi. Ndiyo maana anasimulia. Siku nyingine analia kwenye kiti cha nyuma na mimi najifanya sijaona."

Hapo ndipo niliposhika ukingo wa meza. Si kwa sababu ya uongo. Uongo wa wanaume nimeuzoea kama vumbi la Riyadh, unafuta leo, kesho upo. Nilishika meza kwa sababu jioni hiyo ningemwambia madam halas, sitaki mkataba, na mwaka mpya ningesimama na sanduku langu nikingoja kupelekwa kwenye jiko la shamba lililouzwa, la watu wasionijua, katika nchi ambayo mwenyeji wangu hajawahi kuiona.

"Ungeniambia lini?" nikauliza. "Kanisani? Au uwanja wa ndege?"

"Nilikuwa natafuta njia. Nilidhani Mesie angenisaidia kupata kitu. Jerioth, nilifanya kwa sababu yako. Nani angempenda dereva?"

Sasa nikacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikali hata mimi kiliniuma.

"Mimi ningempenda! Mwanamume anayeendesha gari, anamsikiliza mzee anayelilia shamba lake, anayashika maneno yake miaka mitatu asiangushe hata moja, kisha anamsimulia mwanamke anayeanika nguo mpaka shuka linaruka. Huyo ningempikia. Huyo ningemzalia. Alikuwa mzuri kuliko huyu wako wa kunusa tofaa. Lakini wewe ulimdharau, ukamficha nyuma ya ukuta, ukabandika buibui. Basi kama wewe mwenyewe humtaki, mimi nitampataje?"

Macho yake yalilowa. Nilitamani kumshika, nakiri. Nilitamani kumfuta kwa gauni langu la kijani. Ningeweza kumsamehe udereva kabla chai haijapoa. Lile "nadhani" ndilo nililoshindwa kusamehe.

"Hukuniuliza hata siku moja," nikasema. "Miezi kumi na moja unamfundisha mtu kazi yake mwenyewe. Hukuuliza nilikuwa nani kabla ya beseni. Ulishaamua. Jikoni kwa kuanzia."

"Haya, imetosha," Mama Norman akasema, akipiga meza kwa kiganja. Alikuwa amepata nguvu tena. "Mwanamume kujisifu ni kawaida. Ulitaka akuambie nini, kwamba yeye ni dereva, halafu umkimbie? Mimi nilijua. Na nikanyamaza kwa heshima yake. Sasa wewe, mboch na kijidiploma chako, unamvua nguo kaka yangu mbele ya watu? Mbele ya Jackton?"

"Mimi siko hapa," akasema Jackton.

"Mama Norman," nikasema, "ulijua na ukakaa hapo ukiniuliza darasa la nane?"

"Mimi ndiye ninayekagua, si wewe!"

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa madam, wa haraka haraka kama kawaida yake, muziki wa harusi nyuma: "Yalla, Jerioth, nataka jibu. Unabaki au unaenda?"

Nikabonyeza kurekodi, nikaongea nikimtazama Elkanah.

"Madam, nashukuru sana kwa yote. Halas. Nikimaliza mkataba narudi nyumbani."

Uso wake ukachanua. Maskini, hata wakati huo alidhani amependwa.

"Jerioth," akanong'ona.

"Narudi Naivasha," nikasema. "Msimamizi wetu wa zamani, Danson, aliniandikia wiki mbili zilizopita. Kuna wenyewe wapya, wameanza kuifufua ile mizabibu, wanatafuta mtu wa kuongoza kupogoa. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa naenda Brisolet na wewe. Nitamjibu kwenye teksi."

Nikasimama. Nikamimina juisi iliyobaki kwenye glasi yangu, nikainywa kwa mkupuo, bila kunusa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, kama ilivyo sukari isiyo na kazi nyingine.

"Kaa chini kwanza," Elkanah akasema. Sauti ile nzito ilikuwa imerudi, sijui aliitoa wapi. "Tafadhali. Mimi nimekosa, nimekubali. Lakini na wewe umeniaibisha. Mwambie dada pole, yaishe, tuanze upya. Neno moja tu."

"Omba msamaha," Mama Norman akasema. "Kwa kaka yangu, na kwangu mimi niliyekuja badala ya mama yake. Ndipo utoke kwa huo mlango ukiwa mtu mwenye adabu."

Nikaweka mkoba begani. Watu wa meza za jirani, wote Wakenya, wote wenye masikio, walikuwa wameacha kutafuna. Nikamtazama Elkanah kwa mara ya mwisho, kuanzia kola yake iliyopigwa pasi hadi vidole vyake vizuri vilivyoshika kitambaa cheupe kisicho na kazi, nikajua kwamba sauti yake itanifuata juu ya kila dari kwa muda mrefu, na kwamba nitaisikia, na kwamba haitanirudisha.

"Siombi," nikasema. "Sikukosea chochote, na hamtaisikia pole yangu, si leo wala mwaka ujao."

Nikatoka.